Mpeni mgonjwa haki ya kujifungia mlango wa duka la bunduki

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Jimbo la Kentucky, Frankfort

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Louisville, mji uliopokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Kiswahili kimeshakuwa lugha ya hapa. Utakisikia makanisani, viwandani na kwenye foleni za maduka, na Lexington vilevile. Mimi ni mkalimani wa hospitali. Ninayoyasikia kwenye vyumba vya wagonjwa sitayasimulia, maana si yangu ya kusimulia. Sheria, hata hivyo, ni jambo la wazi, na kuhusu sheria nina ombi. Nimeliandika kwa Kiswahili ili majirani zangu walisome; nakala ya Kiingereza itawafikia mezani kwenu.

Ombi lenyewe ni hili: tungeni sheria itakayomruhusu mtu mzima, kwa hiari yake, kuandikisha jina lake kwenye orodha ya watu wasiouziwa bunduki, na kulitoa atakapopenda baada ya muda fulani wa kungoja.

Leo anayekwenda kununua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni hujaza Fomu 4473 ya serikali kuu. Moja ya maswali yake ni kama mahakama au chombo kingine cha kisheria kiliwahi kuamua kwamba ana maradhi ya akili, au kama aliwahi kulazwa hospitali ya akili kwa amri. Aliyejipeleka mwenyewe akaomba kulazwa swali hilo halimhusu. Anajibu hapana, na amesema kweli. Taarifa zake zinapelekwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, ulioanza kazi Novemba 1998, na mara nyingi jibu hurudi baada ya dakika chache. Kentucky haina siku za kungoja. Mtu aliyetoka wodini asubuhi kwa ridhaa yake anaweza kununua bunduki kabla ya jua kuzama.

Siombi kwamba kila aliyelazwa anyang'anywe haki ya kununua. Sheria ya namna hiyo ingewafukuza watu hospitalini, hasa katika jimbo ambalo baba humfundisha mwanawe kuwinda paa tangu utotoni. Mtu angeficha ugonjwa wake ili asipoteze bunduki ya babu yake. Ninachoomba ni kwamba anayetaka mwenyewe kujizuia apewe njia ya kujizuia.

Wapo wanaotaka. Mwaka 2018, mwanamke mmoja wa New Orleans aliyeugua baipola, na aliyekuwa amekwenda hospitali kwa hiari yake kutafuta matibabu, alinunua bunduki na kujitoa uhai. Miswada ya orodha hii inayopelekwa mabungeni huitwa Donna's Law kwa jina lake. Watafiti wa Alabama nao waliwauliza watu 200 waliokuwa wakitibiwa maradhi ya akili kama wangejiandikisha kwenye orodha ya namna hii lau ingekuwapo. Asilimia 46 walisema ndiyo. Alabama, waheshimiwa, wanapenda bunduki kama Kentucky.

Ukweli ambao familia nyingi hazijaambiwa ni kwamba mawazo ya kujiua huja na kupita. Sonona ina vipindi vyake, baipola hivyo hivyo. Mgonjwa anayesema leo kwamba maisha hayana maana anaweza, baada ya wiki kadhaa za dawa na mazungumzo, kukaa mezani na kuuliza wanangu wamekula nini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwahoji vijana wa Houston waliojaribu kujiua wakanusurika chupuchupu. Karibu mmoja kati ya wanne alisema hazikupita hata dakika tano tangu alipoamua hadi alipotenda. Na walio wengi miongoni mwa watu wanaonusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Kwa hiyo kinachomwokoa mtu mara nyingi ni muda, na bunduki haitoi muda. Mwaka 2022 watu 48,204 walikufa kwa risasi Marekani. Kati yao 27,032 walijiua. Hiyo ni zaidi ya nusu, ingawa tunapojadili bunduki huwa tunajadili majambazi.

Kwetu mtu anayejua udhaifu wake hachelewi kutafuta msaada wa wenzake. Anayejua kwamba mshahara ukikaa mfukoni utaishia kilabuni humkabidhi shangazi, na kumwambia: nikija kuudai usiku, usinipe. Hakuna anayesema shangazi amemwibia uhuru wake. Akili yake timamu ya mchana ndiyo iliyoamua. Orodha ninayoiomba ni amana ya namna hiyo, na anayeiweka ana haki ya kuichukua.

Majimbo mengine yameshafanya hivyo. Washington ilipitisha sheria yake mwaka 2018: mtu hupeleka fomu kwa karani wa kaunti pamoja na kitambulisho, jina huingizwa kwenye mifumo ya ukaguzi, na baada ya siku saba anaweza kulifuta. Taarifa hizo ni siri. Virginia ilifuata mwaka 2020, na Utah mwaka 2021. Utah si jimbo la watu wanaochukia silaha. Ni jimbo la wawindaji na wahafidhina, na wabunge wake waliona kwamba hiari ya mtu haigongani na Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya kuwa na silaha. Nanyi, mlioruhusu mwaka 2019 watu kubeba silaha iliyofichwa bila kibali kwa hoja kwamba mtu mzima anajua la kufanya, mna sababu kubwa zaidi ya kumwamini mtu mzima anapowaambia: msiniuzie.

Najua mwaka 2024 muswada wa kuiruhusu mahakama kumwondolea kwa muda silaha mtu aliye hatarini haukupita kwenu. Hofu yenu ilikuwa kwamba polisi wangegonga mlango wa mtu asiyekubali. Katika ombi langu hakuna polisi anayegonga mlango.

Majimbo yaliyotangulia yana kasoro moja, nanyi msiirudie: waliojiandikisha ni wachache. Wengi hawajui kama orodha ipo. Na mtu aliyezongwa na sonona, ambaye kuamka tu na kuoga ni kazi nzito, hawezi kwa urahisi kupanda basi kwenda ofisini, kusimama dirishani na kumweleza mgeni shida yake. Wekeni fomu hiyo hospitalini na kwenye kliniki. Siku ya kuruhusiwa, mgonjwa hutia saini karatasi nyingi: za dawa, za tarehe ya kurudi, za bima. Mimi ndiye ninayemsomea karatasi hizo kwa lugha yake, moja baada ya nyingine. Ongezeni moja. Daktari au muuguzi aithibitishe na kuituma. Iandikwe kwa lugha zinazozungumzwa hapa, Kiswahili kikiwamo, kwa sababu mkimbizi aliyepokewa kisheria na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa kununua bunduki kama raia. Wengi wetu tunanunua, hasa wenye maduka wanaofunga usiku. Siwalaumu.

Orodha hii haitazuia kila kifo. Anayeuza bunduki yake binafsi bila leseni halazimiki kumkagua mnunuzi, na bunduki iliyokwisha kuwa ndani ya nyumba inahitaji kufuli na mtu wa kuushikilia ufunguo. Siku za kungoja nazo zingesaidia: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba zinapunguza kujiua kwa bunduki kwa asilimia 7 hadi 11. Hilo nalo mlifikirie. Lakini msilikatae dogo linalowezekana katika kikao chenu kwa kuwa kubwa halijawezekana.

Sasa niwageukie ndugu zangu mnaosoma. Kati yetu ugonjwa huu bado unaitwa pepo, ulozi au upungufu wa imani, na aliye nao hunyamaza asije akaaibisha ukoo. Baba, mama, mchungaji, shehe: mwenzako akikwambia amechoka kuishi, usimkemee. Muulize wazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kaa naye. Kama kuna silaha nyumbani, iondoeni kwa makubaliano, mumpe mtu mnayemwamini aitunze. Pigeni 988, namba inayopokea simu usiku na mchana tangu Julai 2022, na mwombe mkalimani wa Kiswahili.

Waheshimiwa, kikao chenu huanza Januari. Muswada huu haugharimu mengi, haumnyang'anyi mtu chochote, na mfano wake uko tayari Salt Lake City, Utah, na Richmond, Virginia. Uleteni, muupitishe.