Mnada Usio na Sauti: Bei ya Chini na Jasho la Mkulima wa Chai

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga waliotunga methali hii walikuwa na soko machoni pao: mwuzaji ameketi na bidhaa yake, mnunuzi anaishika, anaikagua, kisha wanapatana. Hawakuuona mnada ambao mwenye mali yuko kwenye mteremko wa Murang'a au Kericho, mali yenyewe imo ghalani Mombasa, nao wanunuzi wameketi kila mmoja mbele ya tarakilishi yake bila kuonana. Katika mnada wa aina hiyo kizuri hakijiuzi. Huuzwa kwa kutegemea idadi ya waliojitokeza, jinsi wanavyochungana, na bei ambayo mwenye mali ameapa kutoshuka chini yake. Bei hiyo ya chini ndiyo kiini cha makala haya.

Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Chai ya Kenya huuzwa hapo pamoja na ile ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyinginezo. Kwa miongo mingi dalali alisimama mbele ya wanunuzi ukumbini akazitangaza bei kwa kinywa chake, hata neno lenyewe likasadifu, kwani kunadi ni kuita kwa sauti. Mwaka 2020, janga la Korona lilipoifanya mikusanyiko kuwa hatari, mnada ulihamia mtandaoni. Mwito ukatoweka, zikabaki tarakimu. Ufanisi uliongezeka, bila shaka. Hata hivyo, jambo moja halikubadilika: mkulima hakuwemo ukumbini zamani, wala hayumo mtandaoni leo.

Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa kuyazingatia haya, mtu ataelewa kwa nini mwezi wa Julai mwaka 2021 uamuzi wa kuweka bei ya chini ulipokewa kwa shangwe vijijini. Shirika linalosimamia viwanda vya wakulima wadogo, KTDA, liliamua kwamba chai yao isiuzwe kwa bei iliyo chini ya dola 2.43 za Marekani kwa kilo. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, asiyekuwapo alionekana kuwa na lake. Bei zilipanda katika kipindi kilichofuata, na si haki kumcheka mkulima aliyefurahi. Swali ni kama furaha hiyo ilijengwa juu ya mwamba au juu ya mchanga.

Ili kulijibu, sharti kwanza tabia ya wazabuni ieleweke. Katika mnada wa kupandisha dau, bei haiamuliwi na yule anayeitamani mali kuliko wote. Huamuliwa na yule wa pili, kwa sababu mshindi huacha kupanda pindi mpinzani wake wa mwisho anapojitoa. Wanauchumi wamelichambua jambo hili tangu William Vickrey alipochapisha utafiti wake mwaka 1961, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Basi na ichukuliwe mizigo mitatu ya chai kwa mfano tu. Wa kwanza una wanunuzi wawili, mmoja yuko tayari kutoa dola 2.80 na mwingine 2.60. Bei itasimama karibu na 2.60, na bei ya chini ya 2.43 haikufanya kazi yoyote. Wa pili una mnunuzi wa 2.80 na mwingine wa 2.10. Bila bei ya chini, mzigo ungeuzwa kwa kitu kama 2.10, kwa bei hiyo, utauzwa kwa 2.43. Hapa mkulima ameokolewa. Wa tatu una wanunuzi wa 2.20 na 2.00. Hakuna atakayegusa kitufe, nayo chai itarudi ghalani.

Ni dhahiri, basi, kwamba bei ya chini haizalishi pesa. Ni uwezo wa kukataa tu. Humsaidia mwuzaji pale ambapo mnunuzi mwenye uwezo amekosa mshindani, na humwumiza pale ambapo soko lenyewe limepungukiwa na nguvu. Anayeiweka anacheza kamari kwamba mizigo ya aina ya pili ni mingi kuliko ya aina ya tatu.

Isitoshe, mtandao umeongeza hila zake. Alvin Roth na Axel Ockenfels walionyesha mwaka 2002 kwamba katika minada ya eBay, ambayo hufungwa kwa saa maalumu, wazabuni wengi hunyamaza hadi dakika za mwisho. Katika minada ya Amazon ya wakati huo, iliyorefushwa kila dau jipya lilipotolewa, tabia hiyo ilikuwa haba. Nao Rama Katkar na David Reiley waliuza kadi za Pokémon kwenye eBay kwa majaribio, nusu zikiwa na kima cha chini kilichotangazwa na nusu zikiwa na kima kilichofichwa. Kuficha kulipunguza uwezekano wa kadi kuuzwa. Funzo ni kwamba mzabuni si mashine. Huzisoma kanuni za mnada kabla ya kuisoma mali, na mlango ukionekana umefungwa hutafuta mlango mwingine.

Milango mingine ilikuwapo Mombasa. Kima cha 2.43 kiliwekwa kwa chai ya wakulima wadogo, ilhali mnunuzi aliweza kugeukia chai ya mashamba makubwa au ya nchi jirani. Aidha, kilikuwa kima kimoja kwa chai zisizolingana. Kwa kawaida chai ya Mashariki ya Bonde la Ufa hupata bei ya juu kuliko ya Magharibi. Kwa ile ya kwanza, kima hicho mara nyingi kilikuwa kama mzigo wa kwanza katika mfano ule: hakikufanya kazi. Kwa ile ya pili kilikuwa ukuta. Juu ya hayo, Pakistan, mnunuzi mkuu wa chai ya Kenya, ilikumbwa na uhaba wa dola, na Sudan ikaingia vitani mwaka 2023. Mamilioni ya kilo yakalundikana maghalani. Dhahabu huweza kusubiri, chai haiwezi. Kila mwezi unaopita huipunguzia ladha, huongeza gharama ya ghala, na kuchelewesha bonasi ambayo mkulima ameitegemea kwa karo ya wanawe. Uwezo wa kukataa ni wa mwenye uwezo wa kungoja, na mkulima mdogo ndiye wa mwisho kuwa nao.

Mwaka 2024 bei hiyo ya chini iliondolewa. Wapo walioona kuwa haki imetendeka na soko limeachwa huru. Maoni hayo nayo yana kasoro. Soko lenye wanunuzi wachache wakubwa wanaofahamiana kwa miaka mingi si huru kwa sababu tu halina kima. Mzigo wa pili katika mfano ule bado upo, na sasa huuzwa kwa 2.10. Kosa la 2021 lilikuwa kuweka bei moja kwa wote bila njia ya kuirekebisha. Kuing'oa bei yote ni sawa na kuitupa ngalawa kwa sababu tanga limechanika.

Njia ya kati ipo. Kabla ya kila mnada chai huonjwa na kukadiriwa na wataalamu. Makadirio hayo yanaweza kuwa msingi wa bei ya chini ya kila kiwanda na kila daraja, iliyo chini kidogo ya thamani inayotarajiwa, na yenye kanuni iliyotangazwa mapema ya kushuka iwapo mzigo umerudi mara mbili. Muhimu zaidi ni kuongeza wazabuni. Jeremy Bulow na Paul Klemperer walithibitisha kinadharia mwaka 1996 kwamba, katika hali za kawaida za mnada, mzabuni mmoja zaidi humfaa mwuzaji kuliko bei ya chini iliyopangwa kwa ustadi wote. Kama ni hivyo, basi juhudi zinazotumiwa kugombania tarakimu moja zingefaa kutumiwa kutafuta wanunuzi wapya na kuwafungulia wadogo mlango wa mnada huu.

Linabaki suala la lugha, ambalo wapenzi wa Kiswahili hawana budi kulivalia njuga. Katalogi ya mnada, ripoti za bei na istilahi zake ni za Kiingereza. Mkulima anayepeleka majani kwenye kituo cha kununulia alfajiri huambiwa bonasi imepanda au imeshuka, asielezwe kwa nini. Ndiyo maana 2.43 iligeuka kuwa ahadi kwake, na kuondolewa kwake kukawa usaliti. Laiti angaliambiwa kwa Kiswahili fasaha habari za ile mizigo mitatu, angaliuliza maswali makali zaidi: mzigo wetu ulipata wazabuni wangapi? Ulirudi mara ngapi? Nani aliamua usishuke?

Maswali hayo ndiyo bei ya chini ya kweli, kwani ndiyo yanayomrudisha asiyekuwapo mnadani. Mnada umepoteza sauti ya dalali, na huenda hasara hiyo ni ndogo. Sauti ya mwenye mali ndiyo isiyopasa kupotea.