Mashine ya nyasi isiyonguruma

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Salum Mbwana

Juzi jioni jirani yangu alinikuta uani, jasho linanitiririka, nasukuma chombo chenye magurudumu mawili na mpini mrefu, kinalia cha-cha-cha kama cherehani ya miguu. Akasimama getini, akanitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya kuingilia msibani: "Mzee mwenzangu, hali imekuwa ngumu kiasi hicho?"

Nikamwambia hali ni ile ile. Hakuniamini, na sikumlaumu.

Swali lake limenikaa kichwani, maana naona ndilo linaloamua watu wa Dar es Salaam tununue mashine gani ya kukatia nyasi. Linaamua kuliko bei, na kuliko nyasi zenyewe. Wengi wetu tulijuana na nyasi tukiwa na fyekeo mkononi. Fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ilitaja fyekeo pamoja na ndoo, reki na ufagio wa chelewa. Ukichelewa mstarini unapimiwa kipande. Ukikamatwa unaongea Kiswahili siku ya Kiingereza, kipande. Mtu aliyekulia humo, akija kujenga kwake, haoni raha ya kuinamia majani mchana kweupe. Atamlipa kijana, au atanunua kitu chenye injini, kingurume mtaa mzima usikie kwamba hapa hakuna adhabu, ni maendeleo.

Mimi nilianza kwa kijana, nikaenda kwenye injini. Duka lilikuwa Kariakoo, jina nalihifadhi. Muuzaji alivuta kamba mara moja tu, mashine ikawaka, nikaona nimepata. Kwangu ilifanya kazi miezi minne. Kiangazi kilipoingia nyasi zikalala, nami nikaisukumia stoo na petroli yake tumboni. Masika yalipokuja nilivuta kamba mpaka bega likaniuma. Fundi alifungua kabureta akanionyesha utando wa rangi ya chai ya rangi, umeziba vitundu vyote. Petroli ikikaa miezi inachacha, akaniambia, ulitakiwa uimwage. Hilo ni kosa langu. Lakini kichujio cha hewa kilichokuwa hakikai sawasawa mahali pake, kikipitisha mchanga moja kwa moja hadi kwenye pistoni, hilo silichukui. Niliporudi dukani nikaambiwa spea hawaleti.

Ndipo nikafanya hesabu ambayo ningeifanya mwanzo. Kiwanja changu kiko Tegeta, mita 20 kwa 20. Toa nyumba, toa pa kuegesha gari, toa shimo la maji machafu, mwembe na migomba ya mke wangu. Ukoka unaobaki ni mita 12 kwa 10. Mashine ya kusukuma kwa mkono yenye upana wa sentimita 38, ukiacha kila mstari uingie kidogo kwenye mwenzake, inakula kama sentimita 30 kila safari. Hiyo ni mistari 33 au 34 ya mita 12. Jumla haifiki hata nusu kilomita. Ni mwendo wa kwenda kwa Mangi kununua mkate na kurudi, na mkate nimeusahau nikaanza kurudi tena. Kwa mwendo huo nilikuwa nimenunua injini, oili, plagi na ugomvi na fundi.

Hii niliyonayo sasa ni mtumba, shilingi laki na themanini. Kijana nilikuwa namlipa elfu ishirini kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua, kwa hiyo mikato tisa inarudisha pesa. Haina injini. Ina visu vitano vilivyojipinda kuzunguka ekseli, na chini yake kisu kimoja kilicholala, hakisogei. Magurudumu yakizunguka, gia ndani yake zinazungusha visu kwa kasi zaidi, na kila kinachoshuka kinalibana jani dhidi ya kile cha chini. Yaani ni mkasi. Ile ya injini ina panga moja linalozunguka chini ya bati kama feni. Lenyewe linapiga tu. Likiwa butu linachana, na kesho yake ncha za ukoka zinageuka kahawia, ukidhani ni jua.

Aliyeibuni mashine hii ya visu vya kuzunguka ni Mwingereza Edwin Budding, fundi wa mashine huko Gloucestershire, sehemu ya viwanda vya kufuma sufu. Viwandani mlikuwa na mtambo wa kunyoa manyoya yanayosimama juu ya kitambaa ili kitoke laini. Yeye akaona kinachonyoa kitambaa kitanyoa na uwanja, akapata hataza mwaka 1830. Ninachompendea ni kwamba katika maelezo yake ya hataza aliwaambia mabwana wenye mashamba kuwa wakiisukuma wenyewe watapata mazoezi ya kuwafaa na kuwaburudisha. Wenye mali, siyo watumishi wao. Karibu miaka 200 baadaye, Tegeta, bado naulizwa kama nimefulia.

Sasa ukienda kuinunua, usianze na mashine, anza na nyasi zako. Ukoka mwembamba wa kawaida inaukata vizuri sana. Ule wa majani mapana ambao wauza miche wa barabarani wanauita Pemba nao unakatika, ila usiuache unenepe. Wenzetu wa Arusha na Nairobi wenye ile nyasi ya Kikuyu, inayofumana mpaka ukikanyaga unabonyea kama godoro, watatoka jasho la damu kwa mashine nyepesi. Na popote ulipo, nyasi zikipita kimo cha kiganja mashine hii hailikati jani, inalilaza na kupita juu yake. Hapo ndipo wengi huitukana. Wakati wa masika lazima upite kila wiki, ukipunguza theluthi moja ya urefu na si zaidi. Ukisafiri mwezi mzima, ukirudi utaazima fyekeo kwanza.

Dukani au kwa wauza vyuma, nenda na ukurasa wa gazeti. Hata huu, ukishamaliza kuusoma. Pindua mashine, pitisha ukanda wa karatasi kati ya kisu kinachozunguka na kile cha chini, zungusha polepole, vidole vikiwa mbali. Karatasi ikatike safi kushoto, katikati na kulia. Ikijikunja upande mmoja, tazama kama kuna skrubu za kusogeza kile kisu cha chini. Zikiwepo na hazijaoza, ni suala la robo mzunguko. Zisipokuwepo, iache hapo hapo hata kama bei inakulilia. Kisha shika ekseli ya visu uitikise juu chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Sukuma mbele, visu vizunguke. Vuta nyuma, usikie kelele ya tiki-tiki kama baiskeli inayoshuka mlima bila kukanyagwa. Kama gurudumu linazunguka mbele na visu havishiki, vile vimeno vya ndani vimelika. Rangi mpya isikupumbaze, rangi ni kopo moja tu.

Magurudumu yenye mpira uliochongoka yanafaa kuliko ya plastiki laini, hasa kwetu huku pwani penye mchanga. Gurudumu likiteleza visu vinasimama, nawe unabaki unasukuma toroli tupu. Hewa ya chumvi nayo haina huruma: ukimaliza, futa, paka oili hata iliyokwishatumika, weka ndani.

Kuhusu zile za umeme sina mengi. Za waya zinataka akili iwe kwenye waya muda wote, maana panga halijui lipi jani na lipi kebo. Za betri ni nzuri, lakini betri ikifa utapelekwa kwenye bei ambayo si mbali na ya kununua mashine nyingine. Na mwenye eka moja Kibaha yenye visiki na miteremko anunue injini bila kumsikiliza mtu, nikiwemo mimi. Ila aimwage petroli kabla ya kiangazi.

Kuna wanaosema ukikata majani mwenyewe unapunguza na mbu. Mbu hazaliwi kwenye majani, anazaliwa kwenye maji yaliyotuama; pindua ndoo na matairi uani kwako ndipo useme umepigana naye. Nyoka, hapo nakubali.

Nililoliogopa zaidi ni yule kijana. Miaka mitatu alikuwa akija na fyekeo lake, na elfu ishirini yangu ilikuwa sehemu ya kodi yake ya chumba. Alipita siku hiyo hiyo niliyoipata mashine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, usicheke."

Hakucheka. Aliishika mpini, akaenda nayo hadi ukutani na kurudi, akainama kupapasa ukoka kwa kiganja kama anayempapasa mtoto aliyenyolewa. Akasema, "Hii hairushi mawe." Nikakumbuka kioo cha dirisha la sebuleni ambacho fyekeo lake lilikiua mwaka juzi, na jinsi alivyokatwa malipo ya safari tatu. Kisha akauliza, "Mzee, Jumamosi unaitumia?"

Siitumii Jumamosi. Sasa anaichukua asubuhi, anazunguka nayo nyumba nne zenye ua mdogo kama wangu, anarudi saa nane. Hanilipi, makubaliano ni kwamba kunoa ni kazi yetu wote wawili. Mnoa visu wa baiskeli tulimwita, akaiangalia mikunjo ile akatikisa kichwa, akaondoka. Kwa hiyo wiki iliyopita, baada ya kizibo cha soda kwenye uwanja wa mtu kuacha pengo la ukubwa wa punje ya mchele, tulikaa barazani na kikopo cha ile dawa ya kusagia valvu. Tulivua gurudumu moja, yeye akawa anazungusha visu kinyumenyume kwa spana, mimi napaka dawa kwa brashi kuukuu ya mswaki. Baada ya nusu saa tukafuta, tukaingiza karatasi. Kushoto ikakatika. Katikati ikakatika. Kulia ikajikunja. Akakaza skrubu kidogo, akanisogezea kikopo.