Ati Brassens Alikuwa Mwimbaji Tu

Katika kikao kimoja cha washairi, kijana aliyeleta mswada wa diwani yake aliambiwa aziondoe tungo kumi na mbili, kwa kuwa alizitunga ziimbwe kwa gitaa. "Hizo nyimbo, si mashairi." Nilipomtaja Georges Brassens, Mfaransa, mzee wetu mmoja akanikata: "Huyo alikuwa mwimbaji tu." Nilinyamaza kwa kuchunga umri wake. Hapa sinyamazi.

Brassens alizaliwa mwaka 1921 Sète, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa. Alipofika Paris akiwa kijana alijizamisha katika vitabu vya maktaba, akiwadurusu Villon, Hugo na Verlaine. Mwaka 1943 alipelekwa Ujerumani kufanya kazi ya shuruti; mwaka uliofuata akapewa likizo, asirudi. Alijificha Paris kwa Jeanne Le Bonniec, katika nyumba isiyo na maji wala umeme, na hata alipopata jina aliendelea kukaa humo hadi 1966. Je, hiyo ni tamaa ya jukwaa?

Lakini hoja yangu haiko katika maisha yake, iko katika mizani. Brassens alichukua shairi la Aragon, mkomunisti, na la Francis Jammes, Mkatoliki, akayaimba yote mawili kwa lahani moja. Aliwezaje? Ukiacha kiitikio, kila mshororo una silabi kumi na mbili, sita ukwapi na sita utao. Yeyote aliyewahi kughani mashairi mawili tofauti kwa mahadhi yaleyale anaijua siri hiyo. Bibi zetu waliijua bila kusoma kitabu. Mwimbaji tu angetafuta tuni mbili. Aliyelijua umbo la shairi aliona moja yatosha.

Nao wenzetu wanaodai kuwa vina na mizani ni pingu za fikra wasinishangilie mapema. Huyu alikuwa mpinga dola, aliyewahi kuandika katika gazeti la *Le Libertaire*. Wimbo wake *Le Gorille* unamsimulia sokwe aliyevunja kizimba akamkamata hakimu, naye hakimu akalia kama alivyolia mtu aliyeamuru akatwe kichwa siku ileile. Redio zikaupiga marufuku. Beti za wimbo huo ni za silabi nane nane, kama utenzi, na vina vyake vimekaa mahali pake. Silioni shairi lililofungwa pingu hapo. Namwona hakimu aliyetiwa aibu. Ufaransa iliifuta adhabu ya kifo tarehe 9 Oktoba 1981. Brassens alifariki siku ishirini baadaye.

Mwaka 1967 Akademia ya Ufaransa ilimpa tuzo yake kuu ya ushairi. Wako walionuna, kama alivyonuna mzee wetu. Mwenyewe alisita kujiita mshairi, na kusita huko ndiko wanakokamata wapinzani wangu: mbona alikana? Tangu lini malenga akajitawaza? Kwetu jina hilo hutolewa na wasikilizaji, nao hulitoa baada ya kusikia, si baada ya kusoma kimyakimya.

Kijana yule nimemwambia azirudishe tungo zote kumi na mbili. Mbili kati yake zina guni; hizo tutazirekebisha, yeye na mimi, kwa gitaa lake.