Stima Iliyopotea Hurudi Bila Hodi

Ni jambo la kutia moyo kuwaona wanafunzi wetu hapa Kisumu wakijiundia mita za kupimia umeme kwa maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja. Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, tukio nililolishuhudia mwaka jana limenisadikisha kwamba usalama wa umeme ni suala la lugha pia.

Mvua ilikuwa ikivuma kutoka ziwani, taa zikazimika. Mwanafunzi mmoja, ambaye mita yake ilikuwa wazi mezani, akasema, "Stima imepotea, wacha nirekebishe." Hakuchomoa plagi. Alipokuwa ameshika waya, stima ikarudi. Mola alimnusuru, lakini kovu la kidole angali nalo.

Hebu tuyatafakari maneno yake. Katika Kiswahili sanifu stima ni meli. Huku kwetu imekuwa umeme wenyewe. Nayo husemwa "imepotea", kama mbuzi aliyekata kamba. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani, sote tulisema hivyo. Lakini kilichopotea huweza kurudi, na stima hairudi kwa kupiga hodi. Kadhalika twasema "nimezima" na kuridhika, ilhali swichi iliyofungwa kwenye waya usio wa moto hukinyamazisha chombo huku moto ungali ndani. Kuzima si kutenga.

Maikrokontrola hutumia volti 5 au pungufu. Soketi za nyumba zetu hutoa volti 240. Anayezipunguza kwa rezista pekee huiacha mita yake yote ikiwa imeungana na umeme wa ukutani. Akiiunganisha na kompyuta, ameukaribisha umeme huo mikononi mwake. Transfoma ndogo hupitisha kipimo kwa nguvu za sumaku bila waya wa upande mmoja kugusa wa upande wa pili. Isitoshe, kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Mambo haya yote yameandikwa, lakini kwa Kiingereza cha vitabuni, ambacho kijana hukikariri kwa ajili ya mtihani na kukisahau mkono unaponyooka. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Walimu wenzangu, kwa nini urasmi huo uishie mlangoni mwa maabara? Mwalimu wa sayansi, mwalimu wa Kiswahili na fundi wa mtaani na waketi pamoja, waandike kanuni chache za kubandikwa ukutani: Chomoa plagi kabla ya kufungua. Ngoja, kisha pima. Hakikisha testa yenyewe ni nzima. Weka fyuzi. Usifanye kazi peke yako.

Nanyi wanafunzi, endeleeni kuunda. Ila siku stima itakapopotea, semeni kwamba iko njiani. Tahadhari kabla ya hatari.