Pensheni Ina Pasipoti, Jasho Halina

Kila msimu wa baridi unapokaribia, vyombo vya habari vya Marekani na Kanada hurudia hadithi ile ile. Bwana na bibi fulani wamestaafu. Wamechoka kuzoa theluji mlangoni. Wamegundua mji mdogo kando ya ziwa huko Mexico, ambako jua halikosi na pensheni inafika mwisho wa mwezi. Inapigwa picha moja ya maua yaliyotambaa ukutani, nyingine ya wazee wanacheka mezani, basi. Habari imekwisha.

Mimi nasema habari hiyo imeandikwa nusu. Na habari ya nusu ni mbaya kuliko uongo, kwa sababu uongo unaweza kukanushwa.

Kwa asiyepajua, ziwa lenyewe linaitwa Chapala. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote Mexico, lipo jimbo la Jalisco, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa jiji la Guadalajara. Liko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake halichomi na baridi yake haiui. Kando yake kuna miji ya Chapala, Ajijic na Jocotepec. Wageni hawakuanza kwenda huko jana. Mwandishi D. H. Lawrence alikaa Chapala mwaka 1923. Chama cha wageni, Lake Chapala Society, kilianzishwa mwaka 1955. Na kuna jambo la sheria pia: Katiba ya Mexico, ibara ya 27, inamzuia mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani au 100 kutoka mpakani. Chapala iko nje ya eneo hilo. Mstaafu ananunua nyumba kwa jina lake mwenyewe.

Maisha yao ya kila siku si siri. Asubuhi ni matembezi kando ya ziwa na mbwa. Jumatano ni gulio la Ajijic, ambako parachichi, nyanya na viatu vinauzwa katikati ya mtaa. Chama kina maktaba kubwa ya vitabu vya Kiingereza. Kuna ukumbi wa maigizo ya Kiingereza ulioanza mwaka 1965, na jarida la Kiingereza la kila mwezi. Mtu anaweza kukaa pale miaka kumi, Kihispania chake kikaishia kwenye salamu na bei. Mwishoni mwa Novemba, wenyeji wanaposherehekea siku tisa za mtakatifu wao Andrea, fataki hulipuliwa usiku na alfajiri, na wageni hulalamika kwamba mbwa wao hawalali. Jamani! Umehamia kwa watu, kisha unawaomba watu wapunguze sauti?

Hata hivyo ugomvi wangu hauko kwenye fataki. Wala sina ugomvi na mzee mwenyewe. Wengi wa wazee hawa si matajiri. Ni walimu wastaafu, manesi, makarani, watu waliofanya kazi miaka 40 katika nchi yenye fedha kuliko zote duniani na bado hawamudu kuzeekea kwao. Marekani, gharama ya kulala katika nyumba ya kulelea wazee inaweza kumaliza akiba ya maisha. Bima ya wazee ya huko, Medicare, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya nchi, lakini bado mtu anapiga hesabu na kuona ni nafuu kulipa mwenyewe Mexico kuliko kuchangia kwao. Wakanada nao wanahesabu siku kama wafungwa: mkazi wa Ontario lazima awe ndani ya jimbo lake angalau siku 153 katika kila miezi 12, la sivyo anapoteza bima ya afya ya serikali. Ndiyo maana wanakuja na kuondoka kwa misimu, kama ndege.

Kwa hiyo tuseme ukweli: taifa tajiri limeshindwa kutunza wazee wake, na mzigo huo umeshushwa kwa jirani. Nani anaubeba?

Kwanza anaubeba kijana wa Ajijic anayetafuta chumba cha kupanga. Nyumba nyingi pale zinatangazwa kwa dola. Yeye analipwa kwa peso. Mwaka 2020 serikali ikaupa mji huo cheo cha utalii cha Pueblo Mágico, yaani Mji wa Maajabu. Kwa mwenye nyumba ni baraka. Kwa mpangaji ni barua ya kuhama.

Pili, na hapa ndipo ninapotaka tusimame, anaubeba mwanamke anayemtunza mzee huyo. Mstaafu anafika akiwa na miaka 65 na nguvu zake. Anapofika 85 anahitaji mtu wa kumwosha, kumlisha, kumgeuza kitandani na kumkumbusha dawa. Kuzunguka ziwa kuna nyumba za kulelea wazee kwa ajili ya wageni, na wahudumu wake ni wanawake wa Jalisco. Bei yake ni sehemu tu ya bei ya Marekani kwa sababu mshahara wa mhudumu nao ni sehemu tu ya mshahara wa Marekani.

Sasa mhamishe mwanamke huyo. Mzee yule yule, kitanda kile kile, kazi ile ile, ila iwe Texas badala ya Ajijic. Je, anaweza kwenda? Hakuna viza ya Marekani iliyotengwa kwa ajili ya wahudumu wa wazee majumbani. Akienda bila karatasi, anaitwa haramu. Mzee alipokuja kwake aliingia kwa pasipoti tu, akagongewa muhuri wa hadi siku 180. Kanada nayo iliwawekea Wamexico viza mwaka 2009, ikaiondoa Desemba 2016, ikairudisha kwa wengi wao tarehe 29 Februari 2024. Majira hayo hayo ya baridi Wakanada walikuwa wanaota jua Chapala, na hakuna aliyewadai viza ya kitalii.

Tukija kwenye pensheni ndipo unaona mchezo mzima. Kati ya 1942 na 1964 Marekani iliwachukua Wamexico kwa mikataba takriban milioni 4.6 kwenda kuvuna mashamba yake. Waliitwa braceros, watu wa mikono, na Jalisco ilitoa wengi. Wale wa miaka ya mwanzo walikatwa asilimia 10 ya mshahara kama akiba, ikapelekwa benki za Mexico. Wengi hawakuiona. Waliandamana wakiwa vikongwe, na mwaka 2005 serikali yao ikaanzisha mfuko wa kumlipa kila mmoja peso 38,000. Huyo ndiye mstaafu mwingine wa Jalisco. Je, umewahi kuona picha yake kwenye habari za jua na maua?

Na leo? Wamexico wasio na karatasi wanaofanya kazi kwa namba za kubahatisha wanakatwa michango ya hifadhi ya jamii ya Marekani, na hawataidai kamwe. Hata mwenye karatasi anahitaji kwa kawaida miaka 10 ya michango. Akifanya miaka saba akarudi kwao, imekwenda. Marekani na Kanada zina mkataba wa kujumlisha miaka ya kazi tangu 1984. Mkataba kama huo na Mexico ulisainiwa Juni 2004, na mpaka leo haujaanza kutumika. Miaka zaidi ya ishirini, wino umekauka, wazee wamekufa.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba wageni wanaleta ajira, wanasomesha watoto, wanajitolea. Ni kweli. Neill James, mwandishi wa Kimarekani aliyefika Ajijic miaka ya 1940, aliwafungulia watoto wa pale maktaba na madarasa ya kuchora. Hongera zake. Lakini wema wa mtu mmoja haujazi nafasi ya haki ya watu wote. Sadaka unapewa kwa hiari ya mtoaji. Michango yako uliyokatwa ni mali yako.

Msomaji wa Dar au Nairobi usiseme Mexico ni mbali. Malindi na Watamu wanaujua uzee wa Kitaliano unaokimbia baridi. Na ndugu zetu waliokwenda ughaibuni "kubeba maboksi", wangapi wanaowageuza vitandani wazee wa Massachusetts na Minnesota usiku huu? Kazi ni ile ile ya mama wa Ajijic.

Mkataba wa 2004 uanze kutumika. Mwanamke anayetunza mzee wa Marekani apewe njia halali ya kumtunza popote mzee huyo alipo. Na mwandishi mwenzangu ukitumwa Chapala kuandika habari ya wastaafu, piga picha ya maua ukipenda, kisha ingia jikoni umuulize anayeosha vyombo: wewe utazeekea wapi, na kwa fedha ipi?