Kuhitilafiana Si Kugombana

Liko neno la Kiingereza, "dissent", ambalo kila tunapolitia katika Kiswahili hutoka na sura ya ugomvi. Twasema fulani "amepinga", fulani "ni mpinzani", na msikilizaji hudhani kuna vita. Asili ya neno hilo ni Kilatini, na maana yake ni kuona mbali na waonavyo wenzio. Ndani yake hamna tusi wala uadui.

Tulitazame mahakamani, ambako hutumika sana. Kesi ikisikizwa na majaji kadhaa, na mmoja asiridhike na rai ya wenziwe, huandika hukumu yake peke yake na kutaja sababu zake. Ifuatwayo ni ya wengi, lakini yake haitupwi. Huwekwa pamoja nayo. Hapa kwetu, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais, majaji wanne walikuwa upande mmoja, na wawili, Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u, wakaona vingine. Walieleza hoja zao, wala hapana aliyefukuzwa kazi kwa hayo. Mwezi Novemba mwaka huo huo mahakama hiyo ilitoa uamuzi mwingine kwa kauli moja.

Tena rai ya mmoja yaweza kungoja wakati wake. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha kutengwa kwa weusi na weupe katika mabehewa ya gari la moshi. Jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, hakukubali, akaandika kwa nini. Alifariki mwaka 1911. Mwaka 1954 mahakama hiyo hiyo ikaamua kuwa kutenga watoto kwa rangi katika shule za serikali ni kinyume cha katiba.

Kwenye kandanda, hata hivyo, neno hilo hilo ni kosa. Mchezaji amfokeaye refa kwa kutoridhika na uamuzi huonyeshwa kadi ya manjano. Yeye na jaji wote wawili hawakukubali. Lakini mmoja ameleta hoja mahali pake, na mwingine ameleta makelele.

Sisi watu wa pwani neno la jambo hili twalo. Kiarabu kimetupa ikhtilafu, nasi tukalifanya hitilafu. Imamu Shafii, ambaye wengi wetu twafuata madhehebu yake, alisoma kwa Imamu Malik mjini Madina, kisha akahitilafiana naye katika mas'ala mengi bila ya kumvunjia heshima mwalimu wake. Na mpaka leo darsani sheikh husomesha hivi: huyu amesema hili, yule amesema lile, na dalili ya kila mmoja ni hii.

Lakini tazameni neno hilo limefika wapi. Gari likizimika njiani, twasema lina hitilafu. Umeme ukikatika, twaambiwa pana hitilafu ya mitambo. Tofauti imekuwa ubovu, na mwenzetu asiyeafikiana nasi twamwona kama chombo kilichoharibika.

Matokeo yake twayaona kila Ramadhani inapokaribia na inapokwisha. Huyu asubiri mwezi uandame hapa kwetu. Yule afuata ulioonekana nchi nyingine. Kila mmoja ana wanavyuoni wa kumtegemea. Lakini barazani dalili hazitajwi. Hutajwa majina ya watu, huyu mkaidi na yule mzushi. Ndugu wa nyumba moja husali Idi siku mbili mbalimbali, na hilo twaweza kulistahimili. Lisilostahimilika ni ndugu hao kupitana mlangoni wasipeane hata mkono wa Idi.

Wahenga walisema vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Basi mwenye rai ya peke yake na aitoe pamoja na sababu zake, kwa ulimi wa adabu. Na walio wengi wamsikize mpaka amalize, wasimkate kauli kwa kuwa wao ni wengi. Akishasema, na wasiafikiane, sahani ya futari ibaki ni ile ile moja.