Mfarishi Usiomalizika Haumfuniki Mtu

Mfarishi wa viraka ni nguo tatu zilizoshikwa pamoja: juu ni uso uliounganishwa kwa vipande vya nguo, katikati ni pamba au blanketi kuukuu, na chini ni bitana. Nyuzi hupenya zote tatu ili pamba isihame, na ukingo hufungwa kwa utepe usifumuke. Kitu kikikosa moja la hayo si mfarishi bado, ni uso tu, nao uso mtupu haumpi mtu joto usiku wa baridi. Twaanza na maelezo haya kwa sababu waalimu wengi wa kazi hii wayajua vema, walakini wakikaa kuchagua masomo ya mwanafunzi mgeni huwa kama watu waliosahau.

Desturi tunayoipinga ni hii. Katika nchi ya Marekani, ambako kazi hii imestawi sana, mgeni mara nyingi huanzishwa kwa mfarishi wa mifano. Mfarishi huo huwa na miraba 9 au 12 au zaidi, na kila mraba hufundisha namna moja ya kushona: huu wa vipande tisa, ule wa pembe tatu, mwingine wa duara, mwingine wa maua yaliyobandikwa, mwingine wa kushona juu ya karatasi. Vitabu vya masomo hayo ni vingi mno, na mtu wa kwetu akishika kimojawapo ili awafundishe wenziwe kijijini, hana budi kufuata njia ile ile. Lakini tazama mahali ambapo mara nyingi huwekwa somo la kupenya nguo tatu na somo la kufunga ukingo. Huwekwa mwisho kabisa, baada ya miraba yote!

Basi mwanafunzi hupita majuma mengi akifanya mambo mengi, kila moja mara moja tu. Mshono wa duara aliujaribu siku moja, haukumkaa mkononi. Juma la pili akaambiwa auache, ashike mwingine. Siku ya mwisho mwalimu humweleza upesi upesi, kwa mdomo zaidi kuliko kwa mkono, jinsi ya kutandika nguo tatu na kuzipiga bandi. Kisha darasa huvunjika, naye huenda zake na uso uliopambwa vizuri na moyo wenye hofu. Uso ule huingia sandukuni. Wamarekani wenyewe wamevipa vitu hivyo visivyokwisha jina la mzaha, nao hutaniana wakihesabu kila mtu anavyo vingapi. Sisi hatuoni la kuchekesha. Mwanamke aliyenunua nguo na uzi kwa fedha yake, akatoa jioni zake baada ya kazi za shamba, hakutaka mzaha. Alitaka blanketi.

Wako watakaotujibu kwamba jina lenyewe lasema mifano, basi mifano na iwe mingi. Watatukumbusha vitambaa vya mifano vya Uingereza ya kale, ambavyo wanawake na wasichana walishonea kila namna ya darizi waliyoijua. Kimoja kilichoshonwa na Jane Bostocke, chenye mwaka 1598, kimehifadhiwa London katika makumbusho ya Victoria and Albert, nacho ni kizuri ajabu. Twakubali. Lakini kitambaa kile kilikuwa kama daftari, na daftari halitandikwi kitandani. Tena katika darizi kila mshono hukamilika uzi unapofungwa. Mshonaji akiishia katikati, alichofanya kimekwisha kufanyika. Mfarishi sivyo. Miraba 12 ya uso bila mshono wa kupenya ni sawa na kuta za nyumba bila paa, na hakuna fundi amfundishaye mwanagenzi namna kumi na mbili za kujenga ukuta kabla hajamwonyesha jinsi ya kuezeka.

Tena iko hesabu, nayo hawaitaji. Mshono wa mfarishi hula robo ya inchi kila upande. Kipande kitakachoonekana upana wa inchi 4 hukatwa inchi 4 na nusu. Mwanafunzi akizidisha nusu ya thumuni ya inchi tu, yaani upana wa nyuzi chache, kila mshono hula thumuni nzima zaidi, kwa kuwa nguo zinazoshonwa ni mbili. Mraba wenye vipande vitatu kwa safu una mishono 2. Utapungua robo ya inchi. Mraba wenye vipande vinane kwa safu una mishono 7. Utapungua inchi moja kasoro thumuni. Kama miraba yote ingekuwa ya namna moja, yote ingepungua sawasawa, na mfarishi ungekuwa mdogo kidogo, bila hasara nyingine. Lakini katika mfarishi wa mifano kila mraba una idadi yake ya mishono, basi kila mraba hutoka na kipimo chake, na siku ya kuunganisha mmoja unavutwa na mwingine unakunjamana. Kwa hiyo mfarishi huu uliotungwa kwa ajili ya wageni wa kazi ndio unaomdai mgeni unyofu wa mkono ambao hata mzoefu huutafuta. Mwanafunzi hujilaumu kwamba hana kipaji, na kumbe waliomchagulia masomo ndio waliokosea.

Hatusemi mfarishi wa mifano utupwe. Twasema mifano ichaguliwe kwa swali moja: je, mtu huyu akiwa peke yake nyumbani, bila mwalimu na bila kitabu, mfano huu utamsaidia kufika ukingoni?

Kwa swali hilo, somo la kwanza haliwi mraba wa kwanza wa uso. Somo la kwanza ni mfarishi mzima, ila mdogo. Mwanafunzi aunganishe vipande tisa vya inchi 4 na nusu, apate mraba utakaokuwa wa inchi 12. Autandike juu ya kipande cha blanketi kuukuu na bitana, apige bandi, ashone kwa sindano ikizama na kuibuka katika nguo zote tatu, kisha afunge ukingo. Hata kazi hiyo ikichukua majuma mawili, na ichukue. Ukingo wa mraba mmoja ni inchi 48. Ukingo wa mfarishi wa miraba 12, iliyopangwa mitatu kwa minne, ni inchi 168, yaani futi 14. Ni nani afundishaye pembe ya ukingo kwa mara ya kwanza juu ya futi 14, tena siku ambayo mwanafunzi amechoka na kazi yake yote imo hatarini? Kitu kile kidogo kitafaa kuwekea sufuria ya moto, na kikipinda, sufuria haitalalamika.

Somo la pili na liwe pembe tatu, kwa kuwa humo ndimo wageni wengi huvunjikia moyo. Nguo ina nyuzi za mtande na za mshindio. Ukiivuta kwa njia hizo haiendi mbali, lakini ukiivuta mshazari hunyooka kama mpira. Pembe tatu ina upande mmoja uliokatwa mshazari, na mkono usiozoea huuvuta bila kujua. Wengi humkatia mwanafunzi pembe tatu kwanza, kisha humwambia ashone kwa uangalifu. Uangalifu gani, naye hajui nguo itamfanyia nini? Njia iliyo bora yajulikana: weka miraba miwili ya inchi 5, uso kwa uso, piga mstari kutoka pembe hata pembe, shona robo ya inchi kila upande wa mstari, ndipo ukate juu ya mstari. Utapata vipande viwili, kila kimoja kina rangi mbili, na upande wa mshazari umekwisha kushikwa na uzi kabla haujaguswa. Visawazishe viwe inchi 4 na nusu. Hapa mwanafunzi hujifunza tabia ya nguo, na elimu hiyo itamfaa hata siku atakapokata gauni.

La tatu ni ule mraba ambao Wamarekani huuita Nyumba ya Magogo. Huanza na kipande kidogo katikati, na vipande vyembamba huzungushwa pande zake kama magogo ya ukuta, vya rangi nyeupe upande huu na vya rangi ya giza upande ule. Hautaki kigezo, hula masalio ya fundi cherehani ambayo yangetupwa, na ukienda kombo wasawazishwa kwa mkasi kabla ya gogo linalofuata. Katika miraba yote hatujui mmoja umsameheao mgeni kama huu.

La nne ni kubandika nguo juu ya nguo, namna moja tu, kwa mkono. Mkono uliokwisha kujua kubandika waweza kusema mambo makubwa. Harriet Powers wa Georgia, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837, alibandika katika mfarishi wake habari za Maandiko: Adamu na Hawa, Kaini na Habili, ndoto ya Yakobo, hata kusulubiwa kwa Bwana. Mfarishi huo ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens mwaka 1886, nao leo ni mali ya makumbusho ya taifa la Marekani.

Mishono ya duara, pembe za ndani, na kushona juu ya karatasi twaiacha nje, na atakaye kuijua na ajifunze katika darasa la pili. Kisu cha gurudumu, kilichotolewa na Olfa wa Japani mwaka 1979, ni chombo chema na kimewapunguzia watu kazi nyingi. Walakini somo lisilowezekana bila kisu hicho na mkeka wake si somo la mtu ambaye nyumbani ana mkasi na kigezo cha karatasi ngumu.

Tutaambiwa kwamba kutanguliza ukamilifu hakuwezekani, eti lazima uso uishe ndipo mengine yafuate. Watu wasemao hivyo wawatazame Masidi wa Karnataka, huko India, ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wakivushwa bahari na Wareno kupitia Goa. Mfarishi wao huitwa kawandi. Mshonaji hutandika bitana, huanza ukingoni, hukunja kipande na kukishona papo hapo kwa mshono upenyao, kisha kingine, akizunguka kuelekea katikati mpaka nafasi imejaa. Na pembeni hutia vipande vidogo vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Kwao kuunganisha, kupenya na kukamilisha ni kazi moja. Lile tunaloambiwa lazima lije mwisho, wao hulianza kwa kipande cha kwanza.

Wengine watasema kwamba namna nne ni chache, zitazaa kazi maskini. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, wazao wa watumwa, wameshona vizazi kwa vizazi kwa mishono iliyonyooka na vipande virefu, wengi kwa nguo kuukuu za kazi, na mtindo waupendao, uitwao Paa la Nyumba, ni ndugu wa ile Nyumba ya Magogo. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha ya Whitney mjini New York, na mwaka 2006 ikachapwa juu ya stempu za posta za Marekani.

Liko jibu moja lililobaki, nalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba wanafunzi hupenda wingi, na darasa lisilo na mapambo mengi halijai. Yamkini ni kweli. Lakini mwalimu ajazaye darasa kwa picha ya miraba kumi na miwili, akijua kwamba wengi hawataufikia ukingo, anauza kitu asichokuwa nacho.

Tena kwa njia yetu hakuna apotezaye kazi. Baada ya somo la kwanza, kila mraba upenywe nguo zote tatu mara ukiisha, ila nusu ya inchi ukingoni iachwe wazi. Wakati wa kuunganisha, nyuso hushonwa pamoja, pamba hukatwa ilingane, na bitana hukunjwa na kushikizwa kwa mkono upande wa chini. Mwanafunzi akishindwa kuendelea, labda kwa mavuno au kwa uzazi, akaishia mraba wa sita, miraba yake sita mitatu kwa miwili ni inchi 36 kwa 24. Ukingo wa kufunga ni futi 10 tu, nao alikwisha kujifunza juma la pili; na kitu hicho chamtosha mtoto mchanga.